Radio za Watu Alizotuachia Fundi Athumani

Nisikilize kidogo, wewe unayefungua simu za watu kwa bisibisi nyembamba kama sindano. Najua una haraka. Nimekaa na mjukuu wangu hapa Malindi nikaona mnavyofanya kazi siku hizi: simu ikikataa unaipiga picha, unaituma kwenye kundi la mafundi, na kabla chai haijapoa mtu usiyemjua, aliye Tanga au Garissa, ameshakujibu, "Angalia hapo penye chaji, pameingia maji." Juzi mjukuu wangu alishinda kimya. Nilipomuuliza, akasema fundi mmoja wa kundi lao amefariki, tena ndiye aliyemfundisha karibu yote anayoyajua, na hajapata kumwona uso hata siku moja.

"Bibi, sasa nitamlilia vipi mtu wa kwenye simu?"

Alikuwa anaona aibu. Nikamwambia asione aibu, mimi nilimlilia mtu wa kwenye daftari.

Nilitengeneza radio katika banda langu karibu na soko la Malindi mpaka macho yalipokataa. Nilipoanza, miaka ya themanini, michoro ya radio ilikuwa adimu kama theluji. Radio ilikuja imenyamaza, unaifungua, unakuta nyaya na vidude vya rangi rangi, na hakuna wa kumuuliza. Nilisoma katika chuo cha ufundi ambako wasichana wote tulipelekwa kwenye vyerehani. Mimi niliomba kwenda kwenye radio, wakanikubalia wakidhani nitachoka baada ya wiki. Nilitoka na cheti na maarifa ya kutosha kuharibu radio vizuri.

Kilichoniokoa ni daftari. Lilikuwa kubwa, la jalada gumu jeusi, limefungwa ndani ya kipande cha kitambaa cha meza cha plastiki ili lisilowe. Lilianzishwa na Fundi Athumani wa Mnarani, ng'ambo ya kusini ya mkono wa bahari wa Kilifi. Wakati huo daraja halijajengwa, watu walivuka kwa feri. Daftari lilivuka nayo, likafika Kilifi mjini kwa Fundi Kahindi, kisha kondakta wa basi akalileta kwangu Malindi, halafu likarudi njia hiyo hiyo likipitia kwa mafundi wengine wawili watatu wa barabarani. Kila mmoja alikaa nalo siku mbili. Swali uliliandika ukurasa wa kushoto, na ukurasa wa kulia uliuacha mtupu kwa ajili ya wenzako. Sharti lilikuwa moja, na Fundi Athumani aliliandika kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada: kabla ya kuuliza, andika kwanza ulichoharibu.

Sharti hilo lilitutesa sana. Hebu fikiria, mtu mzima, una banda lako na kibao chako, uandike kwa mkono wako kwamba umeunguza spika ya mwalimu mkuu. Lakini ukishaandika unakuwa mwepesi. Na wenzako wakisoma, wanajua waanzie wapi kukusaidia.

Swali langu la kwanza nalikumbuka neno kwa neno. Nilikuwa nimepokea radio nzuri, inasikika vizuri, shida yake swichi tu. Nikaitengeneza swichi. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa bidii, nikaona ndani mna vijisanduku vidogo vya bati, kila kimoja kina skrubu juu yake, nyekundu, njano, nyeusi, nyeupe. Zote zimelegea! Nikasikitika kwamba kiwanda kimefanya kazi ya ovyo. Nikazikaza zote kwa nguvu zangu. Nilipowasha, radio ikatoa sauti ya mvua ya mawe na haikusema neno tena.

Nikaandika yote hayo, nikatia sahihi "K. Charo, Malindi," nikamkabidhi kondakta, nikaomba feri izame.

Fundi Kahindi alikuwa wa kwanza kuandika kwenye ukurasa wa kulia: "Huyu wa Malindi alisomea wapi, ndani ya gunia?" Chini yake, kwa penseli, kwa herufi za duara zilizonyooka kama zimepangwa na rula, palikuwa na jibu la Fundi Athumani.

"Fundi Charo, ahsante kwa swali. Umeiua kwa huruma. Skrubu hizo ndizo zinazochagua stesheni, na kiwandani waliziacha pale pale zilipotakiwa. Tafuta bisibisi ya plastiki au chonga kijiti cha mwanzi, maana chuma kitakudanganya. Washa, tafuta stesheni hata kama inanong'ona, kisha zungusha moja moja, robo ya mzunguko, ukisikiliza. Ikizidi kusikika endelea, ikipungua rudi. Usiwe na haraka. Na wewe ndugu Kahindi, hesabu spika zako ulizounguza mwaka huu, kisha njoo tucheke sote."

Ilinichukua siku nzima na vijiti vitatu vya mwanzi. Jioni radio ilisema. Niliruka, nikagonga kichwa kwenye boriti ya banda.

Ndivyo alivyokuwa akitufundisha. Alitwambia hewa ya chumvi inakula miguu ya betri kwanza, kwa hiyo ukipokea radio ya mtu anayekaa ufuoni, kwangua kutu ya kijani kabla ya kushika kitu kingine, utaokoa nusu ya siku. Alitwambia tusitupe radio iliyokufa, tuivunje na kupanga viungo vyake katika makopo. Aliandika kwamba mjusi hutaga mayai nyuma ya spika kwa sababu pana joto, na kwamba ukiyakuta usimcheke mwenye radio, kwani hata wewe nyumbani kwako hujui kilicho nyuma ya kabati. Fundi Kahindi akajibu kwamba kwake yeye nyuma ya kabati yuko mama mkwe. Tulikuwa tunacheka peke yetu, kila mtu kwenye banda lake, siku tofauti.

Niliamini kwamba wote waliniandikia wakidhani mimi ni mwanamume. Sikuwasahihisha. Wateja wangu wenyewe walikuwa wakinikuta nimeshika chuma cha kulehemu wananiuliza, "Fundi ametoka?" Kwenye daftari nilipumzika na hayo. Mwaka mmoja, baada ya Idi, Fundi Athumani aliandika akitualika sote kwake Mnarani tule biriani na tuonane. Wenzangu walikwenda. Mimi niliandika kwamba nina homa. Niliogopa kwamba wakiniona wataacha kunijibu. Wakati mwingine nasimama jikoni, nashika sufuria, nakumbuka ile biriani ambayo sikuila.

Siku moja basi lilifika, na kondakta, ambaye kwa kawaida alikuwa akipiga kelele kutoka mlangoni, "Charo, maswali yako haya!", alishuka mwenyewe akanipa daftari kwa mikono miwili. Nikalifungua pale pale. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa Fundi Kahindi: "Fundi Athumani ametutoka jana baada ya alasiri. Moyo. Tunazika leo. Matanga ni kwake Mnarani."

Nilifunga banda. Nilivuka na feri kwa mara ya kwanza tangu nianze kumwandikia.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume wamekaa nje kwenye mikeka, wanawake ndani. Nilivaa kanga, nikaingia ndani kama wanawake wenzangu, nikakaa karibu na mlango. Mjane, Bi Zuhura, alikuwa ameshaingia eda. Kwa wasiojua, mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi, wala haonekani na wanaume wasio jamaa zake wa karibu. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho yasiyopepesa. Zamu yangu ya kumpa pole ilipofika, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe ni nani wa marehemu?"

"Mimi ni Charo, Bi. Kadzo Charo wa Malindi."

Nilidhani atashtuka. Akanishika mkono akauweka kwenye paja lake.

"Wa skrubu," akasema.

"Alikwambia?"

"Alinisomea. Tulicheka mpaka chai ikamwagika."

"Na alijua kwamba mimi ni... mwanamke?"

"Kondakta alimwambia tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza, kwa nini usiwaambie wenzako? Akasema, jina ni lake, akitaka kusema atasema mwenyewe."

Hapo nikakumbuka kwamba wenzangu wote aliwaandikia "ndugu" au kwa mzaha, lakini mimi, miaka yote, aliniita "Fundi Charo" tu. Lakini machozi hayakutoka. Wanawake walio karibu walikuwa wakilia kwa sauti, nami nilikaa kama kigogo nikajionea haya.

Bi Zuhura hakuniachia mkono. Alisema kwamba kwenye maziko, kama ilivyo desturi, watu waliulizwa kama kuna anayemdai marehemu. Hakuna aliyetaja pesa. Lakini mmoja alisimama akasema, "Radio yangu iko kwake." Kisha mwingine. Kisha mwingine. Radio kumi na moja zilikuwa kwenye rafu za duka lake, amana za watu.

"Shemeji yangu anataka kuzirudisha hivyo hivyo, mbovu," alisema. "Mimi sitaki. Mume wangu hakupata kumrudishia mtu radio mbovu. Nataka mpaka tukisoma arobaini yake, kila mtu awe ameridhika. Lakini mimi siwezi kutoka nje kuzungumza na mafundi. Wewe waweza kukaa huku na kule. Utanisaidia?"

Akafungua pindo la kanga akanipa ufunguo wa duka.

Nilitoka nje. Mafundi walikuwa wamekaa mkeka mmoja, nikawajua kwa maneno yao kabla ya majina. Mmoja mnene, mwenye kofia iliyokaa upande, alikuwa akisema, "Charo hakuja. Hata leo ana homa?"

"Charo ni mimi," nikasema.

Alinitazama, akatazama nyuma yangu.

"Wewe? Wewe ndiye uliyenisahihisha kwenye daftari, mbele ya watu, habari ya betri kugeuzwa?"

"Ndiye mimi, Fundi Kahindi."

"Masikini mimi! Kumbe nimechekwa na mwanamke miaka yote hii na sina habari."

"Ungekuwa na habari ungeziba masikio?"

Mkeka mzima ukaangua kicheko, mzee mmoja akakohoa, tukakumbuka tuko matangani tukanyamaza. Fundi Kahindi alisogea akanipa nafasi. Nikaonyesha ufunguo, nikaeleza maneno ya Bi Zuhura.

Kwa mwezi mzima tulipeana zamu katika duka la Fundi Athumani. Viungo vyake vilikuwa ndani ya vikopo vya halua, kila kikopo kimeandikwa kwa penseli, kwani alikuwa mpenzi wa halua kupita kiasi, na duka lote lilinuka iliki na risasi iliyoyeyuka. Kila radio ilikuwa na karatasi iliyofungwa kwa uzi: jina la mwenyewe, anapokaa, kilichopimwa, kilichobaki. Mtu aliyekufa ghafla alituachia kazi imepangwa kama anakwenda kusali mara moja tu. Tulitengeneza kumi. Wenyewe walikuja mmoja mmoja, wakasikiliza, wakasema wameridhika, wakamwombea.

Ya kumi na moja ilikuwa ya bibi mmoja wa Ganze, Mama Mbeyu. Karatasi yake ilisema: "Kwangu inaimba. Kwake inanyamaza. Imekuja mara tatu. Bado."

Tuliiwasha. Ikaimba. Tukaiacha asubuhi mpaka alasiri, ikaimba. Tukaitikisa, tukaigonga kwa mpini wa bisibisi, ikaimba.

"Bibi hajui kuitumia," alisema Fundi Kahindi. "Anazungusha mahali pasipo na stesheni kisha analaumu radio. Mpelekeeni, kazi imekwisha."

Nami nilikubali, naomba ujue hivyo. Zilibaki siku nne kufika arobaini, tumechoka, na radio ilikuwa ikiimba. Niliingia ndani nikamwambia Bi Zuhura kwamba zote ziko tayari.

"Na ya Mama Mbeyu ilikuwa na nini?" aliuliza.

"Haikuwa na kitu, Bi. Nzima."

Alikunjakunja pindo la kanga. "Hivyo ndivyo alivyosema mume wangu mara ya kwanza. Ikarudi. Na mara ya pili. Mara ya tatu yule mama alitembea kutoka kwao mpaka barabarani na radio kichwani. Akamwambia, baba, mimi si muongo. Mume wangu hakulala vizuri kwa neno lile. Kadzo, ukimpelekea hivyo, umempelekea deni lile lile."

Kesho yake asubuhi nilifunga radio ndani ya kanga, nikachukua chuma cha kulehemu, kile cha kutia kwenye makaa, chupa ndogo ya spiriti, pamba, na kikopo kimoja cha halua chenye transista, vile vidude vya miguu mitatu vinavyokuza sauti ya radio, nikaenda Ganze. Gari lilinishusha, nikauliza njia, nikatembea. Nchi kavu ile, mahindi yamesimama kama vijiti vya kiberiti.

Mama Mbeyu alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, nikamwambia nimetumwa na nyumba ya Fundi Athumani. Alinawa mikono kabla ya kuipokea radio. Nyumba yake ilikuwa mpya, kuta za udongo, juu mabati yanayong'aa. Aliiweka kwenye rafu ya mbao, juu kabisa, mahali pa heshima, karibu na paa. Akawasha. Ikaimba.

"Unaona inaimba," nikasema.

"Ngoja. Haijafika saa yake."

Nikakaa nikamsaidia kupukuchua. Aliniambia kwamba radio ile ilikuwa ya marehemu mumewe, na kwamba haikupata kusumbua mpaka mwanawe alipomwezekea mabati. Hakuihitaji kwa muziki. Mchana husomwa matangazo ya vifo, na kwa mtu wa kule ndani wakati ule, asiye na simu wala gazeti, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kujua nani amekufa na anazikwa lini. "Ndugu yangu wa tumbo moja alikufa Mombasa. Walimtangaza. Nilikuwa hapa hapa, radio imenyamaza. Nilipata habari wiki ya pili, kaburi limeshakauka."

Jua lilipanda. Mabati yakaanza kulia, ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vidole vyake. Nyumba ikawa tanuri. Na kabla ya saa saba, radio ikaanza kukwaruza, ikanong'ona, ikanyamaza.

Mama Mbeyu hakunicheka. Alisema tu, "Umeona? Si mimi."

Niliishika radio. Ilikuwa ya moto kama sahani iliyotoka jikoni. Kumbe sote, na Fundi Athumani pamoja nasi, tulikuwa tukimpima mgonjwa mahali ambapo haumwi. Duka la Mnarani liliezekwa kwa makuti, na upepo wa bahari ulipita ndani mchana kutwa.

Ningeweza kumwambia aiweke kwenye kibanda chake cha kupikia, kilichoezekwa makuti, nikaenda zangu. Moshi ungeimaliza kabla ya mvua. Basi niliifungua pale pale kwenye joto, nikaiacha imewashwa. Nikalowesha pamba kwa spiriti, nikadondosha tone moja juu ya kila transista, moja moja, nikisubiri kidogo kila mara. Spiriti ikikauka hupoza. Transista mbovu, iliyochoka, huacha kazi ikipata moto na hurudi ikipoa. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, radio ikasema neno moja, "...wanaarifiwa...", ikanyamaza tena.

Mama Mbeyu aliacha mahindi yakaanguka.

Nilitia chuma kwenye makaa, nikaitoa ile ya tatu, nikatia nyingine kutoka kwenye kikopo, iliyoandikwa kwa penseli kwa herufi za duara. Niliwasha. Joto lilikuwa lile lile, mabati yanalia vile vile, na mtangazaji akaendelea kusoma. Alikuwa akisoma habari za mtu wa mbali ambaye hakuna aliyemjua pale, watoto wake, wakwe zake, siku ya maziko. Mama Mbeyu alinyanyua mkono tunyamaze, akasikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza watu wote hao asiowajua, miaka yote. Kisha akazima.

"Mwambie mkewe sina amana tena kwake," alisema. "Nimeridhika. Mungu amlaze mahali pema."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia nikiwa nimeshika bisibisi, na yule mama, ambaye hatukujuana asubuhi, alinishika mabega mpaka nikamaliza.

Nilimrudishia Bi Zuhura maneno yale siku mbili kabla ya arobaini. Alifumba macho akasema Alhamdulillahi, kisha akaniuliza kama nimekula.

Kwenye daftari niliandika kwanza nilichoharibu: kwamba nilikuwa tayari kumwita mtu muongo kwa sababu radio yake iliimba mbele yangu. Fundi Kahindi aliandika chini yake, "Na mimi." Hakuongeza mzaha.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Siku mtu atakapokuletea simu akasema inazima, nawe ukaiona inawaka vizuri, usimrudishie. Muulize anaiweka wapi, na inazima saa ngapi. Kisha ichukue, nenda mpaka hapo, saa hiyo hiyo, uiwashe, ukae, usubiri.